Nani Kashika Faili Langu? Mwongozo kwa Waliogombana na Kompyuta

Zipo njia nne maarufu za kumaliza ugomvi na faili linalokataa kufunguka, kufutika au kuhama. Ya kwanza ni kulibofya tena, safari hii kwa nguvu. Ya pili ni kuchomoa flashi bila kuaga. Ya tatu ni kupakua programu ya bure inayojigamba kufungua chochote. Ya nne, inayopendwa kuliko zote, ni kubeba mashine hadi kwa fundi na kumwambia apige Windows upya.

Mwongozo huu unazikataa zote nne. Kubofya kwa nguvu kunachosha kidole tu. Kuchomoa flashi ghafla kunaweza kuliua faili lenyewe. Programu usiyoijua asili yake huja na wageni wake. Na kupiga Windows upya kwa sababu ya faili moja lililogoma kumewapotezea watu tasnifu, hesabu za madeni ya duka na picha za wazazi waliokwisha kufariki, vitu ambavyo havikuwa na nakala nyingine popote. Ndiyo maana jambo hili linaloonekana dogo linastahili kuandikwa kwa kirefu.

Faili halina kiburi. Likikataa, kuna aliyelikataza, na karibu kila mara alikuwa na sababu nzuri. Kazi yako ni kumtafuta huyo kabla ya kutumia nguvu.

Hatua ya kwanza: soma, acha kubofya

Kompyuta ikikataa hutoa maelezo. Wengi tunayafunga kabla ya kuyasoma, kwa sababu ni ya Kiingereza na yamekuja wakati mbaya. Usiyafunge. Yapige picha kwa simu, kisha yasome taratibu, maana ndani yake mna jibu la swali linalotangulia mengine yote: hili ni zuio la aina gani?

Windows ina makatazo mawili makubwa. La kwanza husema kwamba faili limefunguliwa na programu nyingine. Hapo unatakiwa kuuliza: nani kalishika? La pili husema kwamba huna ruhusa, au kwa maneno yake, Access is denied. Hapo unauliza jingine kabisa: faili hili ni la nani?

Zuio la kwanza ni la muda. Limo kwenye kumbukumbu ya kompyuta inayofanya kazi sasa hivi, na programu iliyolishika faili ikifungwa, nalo linakwisha. La pili limeandikwa kwenye diski yenyewe. Hata ukizima mashine mwezi mzima, utalikuta palepale. Anayetibu la pili kwa dawa ya la kwanza atazima na kuwasha kompyuta mpaka achoke. Anayetibu la kwanza kwa dawa ya la pili atavuruga ruhusa za folda nzima, kumbe tatizo lilikuwa Excel aliyoisahau wazi nyuma ya dirisha jingine.

Hatua ya pili: mtafute aliyelishika

Programu inapofungua faili huiambia Windows kama wengine waruhusiwe kulisoma, kuliandika au kulifuta wakati yenyewe bado inalitumia. Ikisema hapana, Windows inaheshimu, na inafanya vyema. Programu mbili zikiandika faili moja kwa wakati mmoja bila utaratibu, mwisho wake ni faili ambalo hakuna hata moja itakayoweza kulifungua.

Washukiwa ni walewale kila siku. Wa kwanza ni Word au Excel yako mwenyewe. Wa pili ni programu ya kusomea PDF. Wa tatu ni kinga ya virusi, ambayo inalikagua faili na itaondoka yenyewe baada ya muda mfupi. Wa nne ni huduma ya kupandisha mafaili mtandaoni, kama OneDrive, hasa intaneti ikisuasua. Wa tano ni yule asiyeshukiwa kamwe: dirisha la mafaili lenyewe, linapokuonyesha kilichomo ndani ya faili kwenye kidirisha cha pembeni. Bonyeza Alt na P ukifunge kidirisha hicho, kisha ujaribu tena kufuta.

Wote watano wakikana, andika neno resmon kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows na ubonyeze Enter. Litafunguka dirisha la ukaguzi. Nenda kwenye kichupo cha CPU, tafuta sehemu iliyoandikwa Associated Handles, na uandike hapo jina la faili lako. Programu iliyolishika itatajwa mbele yako kwa jina. Uwezo huu umo ndani ya Windows tangu Windows 7 ya mwaka 2009. Haupakuliwi popote wala hauombi pesa.

Anayetaka zana kali zaidi atumie Process Explorer, kazi ya Mark Russinovich. Yeye na mwenzake Bryce Cogswell walianza kutoa zana za bure katika miaka ya 1990, zikajulikana kwa jina la Sysinternals, na Microsoft wakainunua kampuni yao mwaka 2006. Mpaka leo zana hizo hutolewa bure kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe. Mwenye PowerToys, nayo ya Microsoft, anaweza kubofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya faili na kuiita File Locksmith, iliyoongezwa mwaka 2022. Ukiwa na hizi, huna sababu ya kwenda kuokota programu ya kufungulia mafaili kwenye tovuti iliyojaa matangazo ya kamari.

Ukishamjua aliyelishika, usimkate kauli. Hifadhi kazi iliyomo ndani yake na uifunge programu kwa njia ya kawaida. Ikigoma kufungika, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ichague kwenye orodha, kisha ubofye End task. Jina likiwa ni System, au ni jina usilolijua kabisa, liache, na uiwashe upya kompyuta.

Na kuwasha upya kunatakiwa kufanywe kwa amri ya Restart. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mashine nyingi zikizimwa kwa Shut down huhifadhi kiini cha mfumo kwenye diski ili ziwake haraka kesho yake, na kilichokwama ndani ya kiini hicho huamka nacho. Restart ndiyo inayoanza upya kila kitu. Mtu anayeapa kwamba amezima na kuwasha na tatizo bado liko, mara nyingi anasema kweli. Ametumia kitufe ambacho hakikusafisha.

Mfano mmoja tuutazame kwa karibu, maana huwatoa watu machozi siku za kukusanya tasnifu. Mwanafunzi yuko steshenari, faili lake linaitwa "Utafiti wangu.docx", liko kwenye flashi. Umeme unakatika. Unaporudi, Word inamwambia faili limefungwa kwa sababu kuna mtu mwingine analihariri, na pengine inamtaja mtu huyo kwa jina: ni mwenye steshenari, ambaye amekaa pale kaunta akitoa fotokopi na hajawahi kuuona utafiti huo.

Mwenye steshenari hana kosa. Word ikifungua hati, huweka pembeni yake faili dogo lililofichwa, jina lake likianza na alama ~$. Kwa hati hii litaitwa "~$afiti wangu.docx". Lina baiti 162 tu, na ndani yake limeandikwa jina la mtumiaji aliyesajiliwa kwenye Word ya mashine ile. Kazi yake ni kuwajulisha wengine kwamba hati iko mikononi mwa mtu. Word ikifungwa vizuri, hulifuta yenyewe. Umeme ukikatika, hakuna wa kulifuta, na tangazo linabaki likimtaja mtu aliyekwisha kuondoka. Funga Word zote. Hakikisha kwenye orodha ya Ctrl, Shift na Esc haijabaki hata moja. Ruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane, kwa kufungua View kwenye dirisha la mafaili na kuweka tiki penye Hidden items. Futa lile linaloanza na ~$, na usiguse jingine. Utafiti uko salama, na deni la fotokopi liko palepale.

Hatua ya tatu: uliza ni la nani

Ruhusa za mafaili zilizaliwa na watu waliolazimika kutumia mashine moja. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa CTSS, uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kila mmoja alitaka mafaili yake yasiguswe na jirani, na nywila zikaingia kazini. Mwaka 1962 mtafiti mmoja wa palepale, Allan Scherr, ambaye saa za kompyuta alizopangiwa hazikumtosha, alipeleka ombi kwa kadi ya matundu kwamba faili la nywila lichapishwe. Likachapishwa. Akazipata nywila za watumiaji wote, na saa za ziada pamoja nazo. Ulinzi ulikuwepo, lakini njia moja ya kulifikia faili moja iliachwa bila mlinzi, na hiyo ilitosha.

Katika mashine za nyumbani ulinzi ulichelewa. Windows 95 na 98 hazikuandika mmiliki wa faili. Aliyekalia kiti ndiye aliyekuwa na amri juu ya kila kitu, awe mhasibu au mtoto wa darasa la tatu. Mfumo wa diski wa NTFS, uliokuja na Windows NT mwaka 1993 na kuenea majumbani kwa Windows XP ya mwaka 2001, ndio ulioleta utaratibu wa kuandika kwa kila faili ni la nani, na nani aruhusiwe kulifanyia nini. Flashi nyingi, kwa upande wake, zimepangwa kwa FAT32 au exFAT, ambazo hazitunzi umiliki wa namna hiyo. Ndiyo sababu faili likikukatalia likiwa kwenye flashi, mara chache sana tatizo huwa ni ruhusa.

Hapa ndipo penye fumbo linalowachanganya hata mafundi. Mashine imekufa, diski yake imetolewa na kuchomekwa kwenye mashine nyingine. Asha anafungua folda ya picha, anaambiwa hana ruhusa. Anashangaa: picha ni zake, na akaunti ya mashine mpya ameipa jina lilelile, Asha. Lakini NTFS haiandiki jina la Asha. Huandika namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, na namba hiyo hutengenezwa upya kila akaunti inapoundwa. Asha wa mashine ya zamani na Asha wa mashine mpya ni watu wawili wasiojuana. Ukifungua Properties ya folda hiyo na kwenda kwenye kichupo cha Security, utaikuta namba yenyewe imekaa mahali palipopaswa kuwa na jina.

Folda hiyo haijaharibika, na picha zimo zote. Kinachotakiwa ni kuhamisha umiliki, jambo ambalo Windows humruhusu msimamizi wa mashine kulifanya. Kwenye kichupo hicho cha Security, bofya Advanced. Juu utaona neno Owner na kando yake Change. Libofye, andika jina la akaunti yako ya sasa, weka tiki kwenye kisanduku kinachohusu folda zilizomo ndani, kisha ukubali. Rudi tena kwenye Security ujiandikie ruhusa.

Asiyeogopa dirisha jeusi afungue Command Prompt kwa Run as administrator, akiwa ameingia kwa akaunti yake yenye usimamizi, na aandike mistari miwili:

takeown /f "E:\Picha" /r /d y

icacls "E:\Picha" /grant "%username%":F /t

Mstari wa kwanza unabadilisha mmiliki wa folda na vyote vilivyomo. Wa pili unampa mmiliki huyo ruhusa kamili. Wengi huandika wa kwanza peke yake, kisha hulalamika kwamba haukufanya kazi. Kumiliki na kuruhusiwa ni mambo mawili: mmiliki ana haki ya kubadili ruhusa, lakini sharti azibadili. Na kabla ya kubonyeza Enter, itazame herufi ya diski mara mbili. Amri hizi zikielekezwa kwenye C:\ yote, zitafanya kazi kweli, na hapo ndipo msiba utakapoanza.

Hatua ya nne: usimpe kila mtu kila kitu

Kuna ushauri unaotolewa kwa urahisi mno: "Weka Everyone, mpe Full control, yaishe." Kwenye Linux ndugu yake ni chmod 777, ambamo kila tarakimu ni jumla ya 4 ya kusoma, 2 ya kuandika na 1 ya kuendesha, kwa mmiliki, kwa kundi lake na kwa wengine wote. Saba tatu maana yake ni kwamba hakuna tena faida ya kuwa na mmiliki. Ugomvi utaisha, ndiyo. Utaisha kwa kuondoa ulinzi uliokuwa ukikukera na uliokuwa ukikulinda kwa wakati mmoja. Kuondoa ruhusa zote ili ufungue faili moja ni kung'oa milango ya nyumba kwa sababu ufunguo wa kabati umepotea.

Kumbuka kwamba programu unayoiendesha hutenda kwa ruhusa zako. Unachoweza kukifuta wewe, na kirusi ulichokifungua bila kujua kinaweza kukifuta. Kwa hiyo tumia akaunti ya kawaida kwa kazi za kila siku, na akaunti ya usimamizi iwe ya kusimika programu na matengenezo. Watoto wawe na akaunti yao. Karani wa duka awe na yake. Dakika kumi za kuzifungua akaunti hizo zitakuokolea hesabu za mwaka mzima.

Epuka pia safu ya Deny kwenye kichupo cha Security. Katazo likiwekwa moja kwa moja kwenye faili huishinda ruhusa, na Everyone ni pamoja na wewe. Mtu anayeweka Deny kwa Everyone ili kuwazuia wengine amejifungia nje pamoja nao. Akiwa bado ndiye mmiliki, anaweza kurudi na kuiondoa tiki hiyo. Ukitaka kumzuia fulani, njia safi ni kutompa ruhusa tangu mwanzo.

Tena kuna mmiliki mmoja wa kuachwa kwa heshima zake zote: TrustedInstaller. Alikuja na Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa umma Januari 2007, na ndiye mwenye mafaili mengi ya mfumo, kiasi kwamba hata msimamizi wa mashine hayagusi hivi hivi. Ukikuta jina lake penye Owner, funga dirisha ukanywe chai. Nafasi kwenye diski itafutwe kwingine, kwa Disk Cleanup au kwa kupunguza video za arusi zilizonakiliwa mara mbili.

Hatua ya tano: tambua kisichohusu ruhusa

Yapo makatazo yanayofanana na haya lakini dawa zake ni tofauti.

Folda za kwenye flashi zimegeuka njia za mkato, na ukizibofya hakuna kitu. Hicho ni kirusi maarufu cha njia za mkato, na mafaili yako mara nyingi hayajaondoka, yamefichwa tu. Usifomati. Safisha kwanza flashi kwa kinga ya virusi, kisha, kama flashi ni E, andika kwenye Command Prompt: attrib -s -h -r E:\* /s /d. Folda zitajitokeza tena. Futa njia za mkato zilizobaki.

Kadi ya SD inasema haiandikiki. Itoe uitazame ubavuni: ina kijiti kidogo cha kusogeza, na kikiwa upande wa Lock, msomaji wa kadi hataandika chochote. Kisukume upande wa pili. Ikiwa ni flashi isiyo na kijiti na imegoma ghafla kuandikwa, nakili vilivyomo mara moja, kwa sababu baadhi ya flashi hujifunga namna hiyo zinapofika mwisho wa uhai wake.

Faili lililopakuliwa kutoka mtandaoni linafunguka lakini halihaririki, au unaonywa kulihusu. Windows imeliwekea alama kwamba limetoka nje. Kama unamwamini aliyelituma, nenda Properties na uweke tiki penye Unblock, chini kabisa. Kama humwamini, Windows imekutendea wema.

Diski nzima inaomba namba ya BitLocker yenye tarakimu 48. Hapo kuchukua umiliki hakusaidii, kwa sababu data imefichwa kwa hesabu. Itafute namba hiyo kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuianzisha mashine, au kwenye karatasi iliyochapwa siku ile. Ambaye mashine yake bado inawaka salama aitafute leo, aiandike na aiweke mbali na mashine hiyo.

Na mwisho, mafaili yamebadilika majina yote kwa pamoja na kuna barua inayodai pesa. Hilo ni shambulio la aina ya WannaCry, kirusi kilichosambaa duniani Mei 2017. Chomoa intaneti, usifute kitu, na utafute msaada kwenye mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa ushirikiano wa Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama wa kompyuta. Hutoa bure zana za kufungulia baadhi ya virusi hivyo. Kwa vingine hakuna dawa ila nakala uliyoihifadhi mapema.

Neno kwa mwenye mashine na kwa fundi

Fundi mzuri utamjua kwa maswali yake. Atataka kuona ujumbe uliotokea, atauliza ni nani wengine wanaoitumia mashine, na ataomba diski ya pembeni kabla ya kugusa chochote. Huyo mlipe vizuri, na umrudie. Anayesema "tupige Windows" kabla hajakaa kwenye kiti hajui bado tatizo ni nini, na kupiga Windows hakujibu swali la nani kashika wala swali la faili ni la nani. Kunaweza hata kuzidisha la pili, kwa kuwa akaunti mpya huja na namba mpya, na folda zako zilizobaki kwenye diski ya pili zitakuona mgeni.

Mafaili yaliyogoma huwa bado yapo. Yaliyofutwa kwa haraka ya kutaka kuyafungua mara nyingi ndiyo hayarudi. Kwa hiyo usimkabidhi mtu yeyote mashine yako aipige Windows kabla hujayaona kwa macho yako mwenyewe mafaili yako yakifunguka kwenye mashine nyingine.